Si Haba, Walisema Watu wa Dunnick

Kisiwa cha Dunnick
14 Septemba

Mpendwa Leona,

Salamu zako za Jumapili nilizipata nusu. Simu ilikatika kabla hujamaliza kuniamkia, kwa hiyo marahaba yako naileta kwa barua, ambako hakuna waya wa kukatika. Mimi nipo na paka yupo. Viazi nimevichimba vyote isipokuwa tuta la mwisho, ambalo Hube Fudge wa nyumba ya pili ameahidi kunichimbia tangu Agosti. Ahadi ya Hube ni kama jua la kwetu: likitoka shukuru, lakini usianike nguo kwa kulitegemea. Beri nyekundu za mlimani zimezaa vizuri. Nimekuwekea jamu, na samaki wa chumvi yuko tayari, anangoja tu mtu wa kumleta mjini.

Sasa nikupe habari yenyewe. Kampuni ya kivuko imebandika karatasi gatini. Kuanzia Januari, meli yao Corinne itavuka asubuhi tu. Safari ya jioni inakufa, kwa sababu, wanasema, abiria wake ni wachache. Unajua ninavyoitumia meli hiyo. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ninavuka kwenda Port Sallow, ninakaa kwenye ile mashine ya hospitali inayosafisha damu, maana figo zangu zimeamua kustaafu kabla yangu mimi, na jioni ninarudi kulala kitandani mwangu. Bila safari ya jioni, nitavuka kwenda na sitavuka kurudi. Mwanamke hawezi kuishi nusu ya wiki kwenye kiti cha hospitali, na hospitali yenyewe haina kitanda cha mtu ambaye si mgonjwa wa kutosha. Nimeliwaza jambo hili kidogo, si sana.

Wanasema Bodi ya huduma za umma itamtuma mtu aje kutusikiliza kabla ya kuamua. Wewe uko ofisi hiyohiyo, ingawa uliniambia kazi yako ni ya mambo ya umeme. Je, hao wa vivuko ni watu wa namna gani? Wanasikiliza, au wanakuja kula?

Shangazi yako,
Verna


St. John's
2 Oktoba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinikuta nikihamisha ndoo kutoka upande mmoja wa dari kwenda mwingine, kwa kuwa paa limeamua kuvujia mahali papya. Mwanangu Dougal ameshafika Alberta na amepata kazi kwenye kambi ya wachimba mafuta. Ameandika mara moja tu, akiomba soksi nene. Nimejaribu kusoma upendo ndani ya ombi la soksi, na nadhani umo. Hapa mvua haijapumzika. Kaburi la baba nilikwenda kulisafisha kabla majani hayajaoza, na nikamsalimia kwa niaba yako.

Umeniuliza Bodi husikiliza namna gani. Nitakujibu kwa jumla, kwa kuwa yapo mambo ambayo mtu wa ofisi yangu haruhusiwi kuyazungumza hata na nduguze, na unisamehe ikiwa nitaonekana kama ninaongea nikiwa nyuma ya pazia.

Kazi tuliyopewa na sheria inaelezeka kwa urahisi. Kampuni inapokabidhiwa njia ambayo watu hawana nyingine, lazima mtu asimame kati ya kampuni hiyo na watu hao, aulize kama huduma inatosha na kama ni ya haki. Ugumu ni kwamba msimamizi huyo hana macho yake mwenyewe. Anaona kwa takwimu zinazoletwa na kampuni, na anasikia kwa vinywa vya wananchi wanaojitokeza. Kisichosemwa mbele ya Bodi, kwa Bodi hakipo. Nilipokuwa chuoni kanuni hiyo ilinivutia sana, maana humzuia mwenye madaraka kuamua kwa uvumi au kwa huruma ya ghafla. Bado ninaiona kuwa ya busara. Ila siku hizi najiuliza ni nani hasa aliyemo vichwani mwetu tunaposema "wananchi": huenda ni mtu aliyezoea kudai, na huenda mtu huyo hakuzaliwa pwani yetu.

Kwa hiyo huyo mgeni atakapokuja, mwambieni. Msimwachie ya kukisia. Mwambie habari ya mashine, shangazi, kwa maneno yale yale uliyoniandikia mimi.

Nakutumia chai ile uipendayo.

Mtoto wako,
Leona


Kisiwa cha Dunnick
21 Oktoba

Mpendwa Leona,

Chai imefika, na nimemnyima Hube kwa sababu ya tuta la viazi. Mwambie Dougal nitamfumia soksi mimi. Za dukani hazijui baridi ni nini. Kuku wa mchungaji wameliwa na mbweha, wote, na mahubiri ya Jumapili yalikuwa marefu na yenye uchungu.

Mgeni wa Bodi alikuja. Jina lake ni Bwana Pelley, mtu mpole, mwenye koti jipya. Bahari ilikuwa imechafuka na alishuka kutoka Corinne akiwa na rangi ya tango. Tulimkalisha ukumbi wa kanisa, tukampa chai, mkate na keki za samaki. Alipopata nguvu akawasha chombo chake cha kurekodi sauti, akaanza na Hube.

"Bwana Fudge, huduma ya kivuko mnaionaje?"

"Si haba," akasema Hube.

"Huchelewa?"

"Ah, mara mojamoja. Na bahari nayo ina shughuli zake."

Watu wakacheka, na Bwana Pelley akacheka. Huyo ndiye Hube aliyekaa gatini majira ya baridi yaliyopita na jino limemvimba kama ngumi, akimtukana nahodha kwa majina ambayo sikujua kwamba mtu wa kwaya anayajua. Akaulizwa mchungaji, akasema si haba. Akaulizwa mke wa mchungaji, akasema wako walio mahali pabaya kuliko sisi. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, Bi Durnford?"

"Si haba, bwana. Tunashukuru."

"Hakuna lolote ungependa libadilike?"

"Labda mvua ipungue."

Alicheka tena na kuliandika jibu langu. Nilidhani nimejibu vizuri. Alifunga chombo chake, akatushukuru, akabeba keki mbili ndani ya kitambaa cha karatasi. Hajafika hata chini ya ngazi, maneno yakaanza humo ukumbini kama maji ya sufuria. Jino la Hube, mtoto wa mwalimu aliyezaliwa ndani ya meli, maziwa yanayofika yameganda. Nikamwambia Hube, "Mbona hukumwambia hayo?"

"Wewe je? Ulimwomba akupunguzie mvua."

"Wewe ndiwe uliyeanza."

"Verna, mtu ametapika njia nzima kuja kwetu. Nianze kumsomea mashtaka na keki yako iko mdomoni mwake?"

Tulikunywa chai ikaisha, tukaosha vikombe.

Shangazi yako,
Verna


St. John's
15 Novemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia mapema. Kuchelewa ni kwangu. Nimeianza hii mara kadhaa nikaiacha. Paa limezibwa. Soksi zako Dougal amezipokea na ameandika ukurasa mzima, jambo ambalo mama yake hajawahi kulipata.

Kuna neno moja ninalotaka kukuuliza, na nakuuliza kama mtoto wa kaka yako, si vinginevyo. Neno lenyewe ni "si haba."

Nalikumbuka tangu utotoni. Bahari ilipochukua mashua ya babu pamoja na nyavu zote, alirudi nyumbani kwa miguu akiwa na buti moja, na bibi alipomuuliza hali, alisema si haba. Nakumbuka pia baba alivyokuwa kitandani hospitalini. Daktari, kijana kutoka Toronto, mwenye adabu, alimuuliza maumivu yakoje. Baba alisema, "Si haba, mwanangu." Daktari aliandika, akaenda kitanda cha pili. Nilisimama pale nikijua kwamba kwa lugha ya kwetu baba alikuwa amesema anakufa, na kwa lugha ya daktari alikuwa amesema anapona. Na yote mawili yalikuwa maneno yale yale.

Sijui kama hili ni jambo la kujivunia au la kusikitikia. Nimewaza kwamba ni aina ya heshima: hutaki kumtwika mwenzio mzigo asioweza kuutua. Nimewaza pia kwamba ni aina ya kiburi. Huenda ni vyote viwili, na huenda mimi niliyeishi mjini muda mrefu nimepoteza haki ya kulipima.

Basi niambie, shangazi. Umewahi kukosa mashine kwa sababu ya Corinne? Unapoikosa, mwili wako huwaje? Mguu ulionitajia wakati wa kiangazi, umepona?

Mtoto wako,
Leona


Kisiwa cha Dunnick
3 Desemba

Leona,

Theluji imeanguka na imekaa. Paka hatoki. Tuta la viazi limeganda na viazi vyake ndani, na Hube anasema sasa amesamehewa na maumbile.

Hube huyo huyo alishuka gatini kutazama kama kuna barua, akakuta karatasi mpya ya Bodi. Imeandikwa majina ya wajumbe watatu watakaoamua shauri la kivuko chetu. Alirudi, akaja kusimama mlangoni kwangu bila kuvua kofia.

"La tatu ni Leona Keeping," akasema.

"Ni Leona Keeping mwingine."

"Ndiyo, Verna. Nchi imejaa akina Leona Keeping."

Nilimfungia mlango, halafu nikaufungua kwa sababu kulikuwa na baridi na yeye si mwenye kosa.

Nilikaa dirishani mwa posta ya kisiwa hiki mpaka siku walipoifunga. Barua za kila mtu zilipita mikononi mwangu, za mapenzi na za mahakama, na sikufungua hata moja. Ninajua ni nini kushika kitu cha mtu bila kukisoma. Wewe ulikuwa ukinisoma huku ukijifanya hushiki kitu. Ulinifundisha niseme nini kwa mtu wenu. Uliniuliza habari za mguu. Nani alikuwa anauliza, mtoto wa kaka yangu Wilf au Bodi? Ukijua tofauti, nieleze, maana mimi nimeitafuta katika barua zako zote na sikuiona.

Wala usinipe meli. Sitaki isemwe kwamba Verna Durnford aliletewa kivuko na mtoto wa kaka yake, kama mtu anayeletewa peremende. Kama tunastahili safari ya jioni, tupewe kwa kuwa tunastahili.

Ukitaka kujua hali yangu, si haba.

Verna


St. John's
18 Desemba

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo, ukinipokea.

Nimejiondoa kwenye shauri. Ningepaswa kufanya hivyo mnamo Septemba, barua yako ya kwanza ilipofika na jalada likawa tayari liko mezani kwangu. Nilijiambia kwamba pwani hii haina mjumbe asiye na jamaa kwenye kisiwa fulani, na kwamba kama sote tungejiondoa, visiwa vingeamuliwa na watu ambao hawajawahi kuvikanyaga. Hoja hiyo bado naiona ina nguvu. Lakini ulipouliza tofauti iko wapi kati ya mtoto wa Wilf na Bodi, niliitafuta na mimi, na sikuiona.

Sasa naweza kukueleza. Nilisikia sauti alizorekodi Bwana Pelley. Nilikusikia ukiomba mvua ipungue, na ukumbi mzima ukicheka. Taarifa yake ilikuwa na sentensi moja kuhusu ninyi: wakazi, kwa ujumla, wanaridhika. Hakudanganya. Aliandika alichosikia.

Nilipokwisha kujiondoa niliomba kusimama mbele ya wajumbe wawili waliobaki, mchana, milango ikiwa wazi na wakili wa Kampuni akiwepo, kama shahidi wa kawaida. Sikusema habari zako wala za barua zako. Nilieleza neno moja tu. Mwenyekiti ni mtu mwema, mzaliwa wa bara, na alinisikiliza kwa makini.

"Unataka Bodi iandike kwamba 'si haba' maana yake ni 'mbaya'?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Maana yake ni kwamba mtu anakuheshimu kiasi cha kutokutwika mzigo wake."

"Basi mzigo huo Bodi itaupimaje, Bi Keeping, ikiwa mwenyewe hataki kuutua?"

Swali hilo, shangazi, ninalo hadi leo. Wakili wa Kampuni alisema kwamba tukianza kufasiri maneno kinyume cha yalivyosemwa, hakuna ushahidi utakaosalimika. Nilitamani angekuwa mpumbavu, lakini hakuwa.

Wamekubali jambo moja. Safari ya jioni haitasimamishwa Januari, uamuzi utangoja. Bwana Pelley atawasikiliza tena kwa simu, ukumbini hapo hapo, katikati ya Januari. Atakayesema lolote aliseme kwa maneno yake mwenyewe. Wasipopata jipya, taarifa ya kwanza itasimama.

Huenda nimefanya la haki na la hasara kwa mkono mmoja, kwani nimeondoa mezani sikio pekee lililoijua lugha yenu. Sikuombi useme. Najua ningekuwa naomba nini.

Krismasi njema. Nimekutumia sufu nyekundu ya kufumia.

Leona


Kisiwa cha Dunnick
20 Januari

Mpendwa Leona,

Sufu imefika, ni nzuri, inatosha glavu na kofia. Mchungaji amepata kuku wapya na mahubiri yamefupika.

Kikao kilifanyika. Simu yenye kipaza sauti waliiweka juu ya piano ya ukumbi, na sauti ya Bwana Pelley ikatoka humo kama ya mtu aliye kisimani. Tulikaa tukiitazama piano. Hapakuwa na keki, maana huwezi kulisha kisanduku. Nadhani hilo lilisaidia.

Alimwita Hube. Hube akakohoa, akasema anapenda nianze mimi, kwa heshima ya umri, mwongo mkubwa, amenizidi miaka.

"Bi Durnford," kisanduku kikasema, "huduma ya kivuko ikoje kwako?"

Mdomo wangu ulianza wenyewe. "Si—" nikasema. Hita ya ukumbi ilikuwa inagonga.

"Bi Durnford, bado uko nasi?"

"Nipo," nikasema. "Ni mbaya."

Nikamweleza. Nilisema kwamba Kampuni hukata safari ya jioni bila kutuambia, kwa hiyo siku ambazo kuna fununu tu, mimi sivuki kabisa, kwa kuogopa kuachwa ng'ambo. Nilisema nimekosa mashine, na si mara moja, na nilivimba mpaka viatu vya marehemu mume wangu Alban ndivyo pekee vilivyonitosha. Nilisema maji hupanda kifuani na mimi hulala nimeketi. Nilisema majira ya baridi yaliyopita nilianguka kwenye barafu ya gati nikingoja meli isiyokuja, na Hube akanirudisha nyumbani kwa mkokoteni wa samaki, na tukakubaliana mtu yeyote asijue. Sasa unajua habari za mguu.

Hakuna aliyenitazama. Ilikuwa kama nimevua nguo mbele ya kwaya. Mke wa mchungaji alikuwa anasoma kitabu cha nyimbo ambacho hakijafunguliwa.

Halafu Hube akasimama, akaieleza piano habari ya jino. Akamaliza na majina aliyomwita nahodha, yote, na Bwana Pelley akamwomba arudie moja kwa ajili ya kumbukumbu. Baada yake mwalimu, baada yake wengine. Sikuwasikiliza vizuri. Nilikuwa nimechoka.

Usimwambie mtu kwamba nilijisikia mwepesi baadaye, kama wanavyosema kwenye redio. Sikujisikia mwepesi. Nilikuwa na kitu kimoja kilichokuwa changu peke yangu, na sasa kiko kwenye jalada. Dukani wameanza kunitania. Hube akiniona anapaza sauti, "Mbaya leo, Verna?" Namjibu, "Mbaya, Hube," na watu wanacheka. Labda ndivyo watu wanavyokirudisha kitu mahali pake.

Hasira yangu kwako imepungua. Haijaisha. Itakwisha na theluji.

Shangazi yako,
Verna


St. John's
25 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Dougal anasema atarudi Juni. Kambi inapunguza watu. Ninafurahi na ninaona aibu kufurahi. Paa linavuja tena, palepale pa zamani.

Uamuzi umetoka, na bila shaka utakuwa umebandikwa gatini kabla hujaisoma hii. Safari ya jioni itaendelea Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Kampuni italazimika kutangaza mapema pale inapoifuta, na kueleza sababu. Suala zima litaangaliwa upya wakati wa vuli, kwa kuzingatia idadi ya abiria wa jioni.

Neno lako limo, katikati ya uamuzi: "Shahidi mmoja aliieleza huduma kuwa mbaya." Hawakutaja viatu. Nilikaa nikiitazama sentensi hiyo, nikifikiria umelipia nini ili iandikwe, na jinsi inavyosomeka kana kwamba haikumgharimu mtu.

Nilipokuwa chuoni nilifundishwa kwamba uwajibikaji ni utaratibu: ukishawekwa, unafanya kazi. Ninaanza kuuona zaidi kama theluji ya mlangoni, ambayo mtu huizoa na kesho anaikuta. Lakini sina hakika kama hayo ni mawazo au ni uchovu tu uliojifunza kuzungumza. Vuli itakapofika watauliza tena abiria ni wangapi, na kisiwa kitalazimika kusema tena, na kila anayesema atachoka kidogo zaidi ya mara iliyopita. Kampuni yenyewe haichoki. Ina watu wa kuchoka kwa zamu.

Sijapata barua yako mwezi mzima. Hali yako ikoje? Nijibu kwa neno lolote utakalo. Nitajitahidi kulisoma vizuri.

Mtoto wako,
Leona


Port Sallow
22 Machi

Mpendwa Leona,

Angalia juu, anwani imebadilika. Barua yako ilivuka kwenda Dunnick ikanikosa, ikarudi huku mfukoni mwa Hube, na inanuka tumbaku.

Daktari alisema mashine iwe mara nne kwa wiki mpaka maji yatulie, na safari za baharini zisiwepo kwa sasa. Nimepanga chumba kwa dada yake Hube, karibu na hospitali. Paka yuko kwa mchungaji na anawatazama kuku. Sikukuandikia kwa sababu nilidhani utaona kwamba yote yalikuwa bure, meli imepatikana na mwenye meli hayupo. Nililiwaza hilo siku nyingi. Sasa siliwazi tena, na nitakueleza kwa nini, ila haya simwandikii mtu wa Bodi. Ninamwandikia mtoto wa Wilf.

Dirisha langu linatazama gati. Jumatano moja jioni nilimwona Hube akingoja kupanda Corinne. Nikavaa koti nikashuka.

"Umekuja kufanya nini huku?"

"Nina shughuli."

"Shughuli gani?"

"Ya kuhesabiwa," akasema.

Alikuwa amevuka asubuhi, akakaa kutwa kwenye mkahawa wa gati, na sasa anarudi. Ijumaa alikuja mwalimu. Jumatatu mke wa mchungaji, na kazi yake ya kufuma. Wamepangiana zamu, kisiwa kizima, bila mtu kuniambia. Wanavuka wasikokuwa na haja nako ili jioni meli isirudi tupu, ili vuli ikija, mtu akiuliza abiria ni wangapi, kuwe na abiria. Sijui kama sheria inaruhusu. Wewe unajua, na usiniambie.

"Na safari ikoje?" nikamuuliza Hube.

"Mbaya kabisa, Verna. Chai moto, viti vitupu, na nahodha hana wa kumkaripia ila mimi. Rudi upesi, tunateseka."

Umeniuliza hali yangu. Kwa wote wanaoniuliza hapa ninasema si haba, lakini neno hilo limeharibika. Wauguzi wamesikia habari zangu, na nikilisema wananitazama mara mbili na kuniletea mto. Basi nakupa jingine. Nimechoka, Leona. Nimechoka, na nataka kwenda nyumbani. Hilo halina kitu nyuma yake, halihitaji shahidi wa kulieleza. Liandike hivyo hivyo, kama kuna mahali pa kuliandika.

Corinne inapiga honi. Leo ni zamu ya mchungaji. Namwona kwenye ukingo wa meli, ameshika kofia.

Shangazi yako,
Verna